Mnara wa Siloamu na kuta zetu

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitikisika Kagera, ng'ambo ya ziwa letu. Tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliangusha nyumba nyingi, likaharibu vibaya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, na kuua watu wasiopungua 17. Msiba wa namna hii ukitokea, hakosekani wa kuuliza: wamemkosea Mungu nini?

Tarehe 25 Machi 1998 lilitokea tetemeko la ukubwa wa 8.1 chini ya bahari, karibu na visiwa vya Balleny, kwenye barafu ya Antaktika. Nguvu yake ilikuwa karibu mara 2,000 ya lile la Kagera. Hakufa mtu, kwa kuwa huko hakuna makazi ya watu. Kama tetemeko ni kipimo cha hasira ya Mungu, basi aliikasirikia barafu kuliko wanadamu!

Yesu alishalijibu swali hili. Katika Luka 13 anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Kisha akawageukia waliosimama mbele yake, akawaita watubu.

Sisi tutubu nini? Mara nyingi ardhi hutikisa tu. Kinachoua ni ukuta. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza ajengaye nyumba aweke kizuizi darini, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Kumbe ujenzi salama ni amri ya Mungu.

Hapa Butiama tunajivunia mawe makubwa yaliyokaa juu ya mengine bila kuanguka. Je, kuta zetu? Mfuko mmoja wa saruji unafyatuliwa matofali kupita kiasi. Nondo zinapunguzwa. Fundi anaambiwa aruke mkanda wa zege ili kanisa liezekwe kabla ya Krismasi. Tunaita kubana matumizi, na chini ya ukuta huo tunawaketisha watoto wa Sunday school.

Mpendwa msomaji, ikiwa uko kwenye kamati ya ujenzi, kabla ya harambee ijayo mwombe mhandisi wa halmashauri aje akague. Hiyo nayo ni toba.

Ee Bwana, tufundishe kumpenda jirani hata kwa tofali. Amina.