Ramani ya Tovuti Yetu Inampoteza Mgeni

Mwanzoni mwa muhula huu nilimkuta dogo wa mwaka wa kwanza amekaa kwenye kimbweta, kajiinamia. Katokea Ngarenanyuki, kule nyuma ya Mlima Meru. Kabla ya kuja alipita stesheneri moja Usa River, akatafuta fomu ya kujiunga na chuo kwenye Google, akachapisha ya kwanza iliyotokea. Kumbe ilikuwa ya miaka mitatu nyuma! Nyumbani wakampa ada kama ilivyoandikwa humo, na hapa dirishani akaambiwa imepungua shilingi 80,000.

Nikaingia mwenyewe kwenye tovuti. Fomu tano, za miaka tofauti, zote ziko hewani.

Tovuti yenye kurasa thelathini menyu inaitosha. Yetu imekua kama mtaa usiopimwa: kila idara imejenga ilipopata nafasi. Ukurasa wa ramani upo, ila umepangwa kwa kurugenzi. Sasa mgeni atajuaje hosteli ziko chini ya naibu gani wa mkuu wa chuo? Yeye anatafuta ada, malazi, ratiba, matokeo. Hivyo ndivyo viwe vichwa. Anwani za makazi zilipowekwa mwaka 2022, nguzo ya kona iliandikwa jina la barabara, haikuandikwa jina la ofisi iliyoisimika.

Halafu kuna ramani ya pili, faili la XML linalosomwa na Google na wenzake. Faili moja halitakiwi kuzidi anwani 50,000 au MB 50. Ukivuka unagawa mafaili na kuyaorodhesha kwenye faili mama. Sisi hatujafika huko, lakini mimi ningegawa sasa hivi: kozi peke yake, matangazo peke yake, nyaraka peke yake. Kundi moja likileta shida unajua pa kushika.

Tarehe ya marekebisho nayo iwe ya kweli. Google huizingatia pale tu inapoaminika. Mfumo wetu unaubandika kila ukurasa tarehe ya leo, hata tangazo la mahafali ya zamani! Nani ataamini?

Kuna watakaosema tuzitoe tu fomu za zamani kwenye ramani. Haitoshi, ndugu zangu. Ukurasa ukiwa bado hewani, Google anaweza kuendelea kuuonyesha. Fomu iwe na anwani ileile kila mwaka, na anwani za zamani zote zielekezwe hapo.

Wala hili halihitaji zabuni. Wenzetu wa TEHAMA kila mwaka wanahangaika kutafuta mada ya mradi wa mwisho. Wapewe hii, na ofisi moja itajwe kuwa ndiyo yenye ramani. Waziri wetu wa habari alipeleke kwenye kikao kijacho na uongozi wa chuo.

Dogo alikopeshwa na mwenzake wa chumba. Mpaka naandika hapa, bado anadaiwa 50,000.