Upeo wa Magharibi

Jioni ya tarehe 29 ya mwezi wa Kiislamu, wanaotafuta mwezi mwandamo Bagamoyo huipa bahari mgongo. Kwetu jua huchomoza baharini na kuzama bara, juu ya minazi na bonde la Ruvu. Mwezi mchanga nao hausubiri: kila digrii moja ya anga inayozibwa hutunyang'anya kama dakika nne za kuutazama. Mnazi wa mita 15 uliosimama mita 300 mbele yako huziba digrii mbili na nusu. Dakika kumi zimekwenda.

Toleo hili linahusu kuuhesabu upeo huo wa magharibi kwa kompyuta. Februari 2000 chombo cha angani Endeavour kilipima kwa rada, kwa siku 11, takribani asilimia 80 ya nchi kavu ya dunia, na leo yeyote anapata bure kimo cha kila mraba wa mita 30. Programu hushika mahali ulipo, ikafuata kila upande mraba kwa mraba, ikapunguza mviringo wa dunia, ikasema ardhi inaishia wapi na mbingu inaanzia wapi.

Chukua Lupanga, kilele kinachoutazama mji wa Morogoro, kama kilomita 140 kutoka ufukweni kwetu. Kimo chake kinapita mita 2,100, lakini mviringo wa dunia unameza zaidi ya 1,500. Hata pasipo kizuizi katikati, kinachobaki ni robo ya digrii, nusu ya upana wa mwezi mpevu. Basi anayehofia milima ya mbali anahofia kisichomhusu. Kosa la hesabu liko karibu, mlangoni petu.

Rada haikupenya vizuri majani ya mikoko ya delta ya Ruvu, ikaandika misitu kuwa ardhi. Minazi iliyoachana ikapotea ndani ya miraba. Tia kivuli kwenye ramani uone: ukingo wa mikoko unatokea kama genge. Wachoraji wa ramani kwa desturi huliweka jua la kivuli hicho kaskazini-magharibi, digrii 45 juu, mahali ambapo Ulaya halifiki kamwe. Bagamoyo hufika karibu sana na hapo, katikati ya Juni, saa nane na nusu mchana. Nenda saa hiyo ukalitafute genge hilo. Utakuta matope na miti.

Ndiyo maana sikubali upeo wa kompyuta utangazwe kabla haujapimwa kwa macho. Wasomaji wa Bagamoyo, Kaole na Saadani, tusaidieni. Shika chupa angavu yenye maji nusu, kwenye usawa wa jicho. Mstari wa maji ndio usawa wako. Nyosha mkono, uhesabu ni vidole vya mwisho vingapi kutoka hapo hadi mbingu inapoanza. Kimoja ni kama digrii moja. Andika uliposimama na upande uliotazama, ututumie kabla ya mwezi ujao kuandama.