Sangara na Somo la Mifumo
Mfumo ni mkusanyiko wa sehemu zinazotegemeana kiasi kwamba badiliko la sehemu moja huzigusa nyingine, na fikra ya kimfumo, iliyotetewa na mwanabiolojia Ludwig von Bertalanffy katika kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1968, humtaka mchunguzi atazame mahusiano ya sehemu hizo kabla ya kuihukumu mojawapo. Wataalamu hutofautisha mfumo funge, ambao hupitisha nishati lakini si maada, na mfumo wazi, ambao hupokea na kutoa vyote viwili. Aidha hutenganisha mifumo ya asili, kama ziwa, na ile iliyobuniwa na binadamu, kama soko. Ziwa Victoria, hata hivyo, linaonyesha jinsi mifumo hiyo inavyoingiliana, kwani samaki aina ya sangara aliyepandikizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960 alizaana mno kufikia miaka ya 1980, akachangia kutoweka kwa aina nyingi za samaki waitwao furu, akavuta viwanda vya minofu na fedha za kigeni, na, kwa kuwa wingi wa mafuta yake humfanya asikaushike vizuri juani kama furu, akahitaji kuni za kumkausha kwa moshi, hivyo miti ya kandokando ikakatwa. Mizani inayopima tani za samaki pekee haizioni kuni hizo, na ndiyo maana sera ya uvuvi isiyohesabu misitu, soko na lishe ya wanavijiji kwa pamoja hubaki sera nusu.