Msahihishe, Usimwaibishe

Siku hizi imezuka tabia ya kuwinda makosa ya maandishi ya wenzetu. Mama lishe wa Mtwara mjini ameandika kwa chaki ubaoni: "WARI NA SAMAKI TAYALI". Anapita kijana msomi, anapiga picha, anawarushia rafiki zake, wanacheka mpaka mbavu zinawauma. Ubao unabaki vilevile, na mwenyewe hana habari. Je, hapo nani kafunzwa?

Tuseme kweli. Aliyekulia kwenye Kimakonde, lugha isiyotenganisha l na r, lazima herufi hizo zimsumbue akishika kalamu. Hata Kiswahili cha vitabuni hakikutoka Mikindani wala Msimbati: mkutano wa Mombasa wa 1928 ndio ulioteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mama yule anajitahidi kwa lahaja ya wenyewe. Dhihaka ya nini?

Sisemi tunyamaze. Yapo makosa yanayomtia mtu hasara. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za Mtwara huuzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo chama cha msingi, karani akaandika jina na kilo, malipo yakafuata baadaye. Halima akiandikwa Salima, au tarakimu moja ikirukwa kwenye namba ya akaunti, fedha hazimfikii mwenyewe. Aliyeliona kosa hilo akanyamaza, eti asionekane mjuaji, amemdhulumu mwenzake.

Basi adabu ni ipi? Kwanza, pima uzito wa kosa. Lisilomdhuru mtu laweza kungoja wakati wake. Pili, mwendee mwenyewe, mkiwa wawili. Tatu, mwonyeshe lililo sahihi bila kumsimanga. Misikitini husimuliwa sana kisa cha Hassan na Hussein, wajukuu wa Mtume, walipomwona mzee akikosea kutawadha. Hawakumwambia kuwa amekosea. Walimwomba awaamue, nani kati yao anatawadha vizuri zaidi. Mzee akawatazama, akatambua kosa lake mwenyewe. Watoto walimfunza mtu mzima na heshima yake ikabaki palepale.

Nawe unayesahihishwa, usinune. Benjamin Mkapa, mwana wa Masasi, kabla ya kuwa Rais alikuwa mhariri wa magazeti, na kazi ya mhariri ni kupitisha kalamu juu ya maandishi ya wenzake kabla hayajafika kwa msomaji. Mwandishi mwenye akili hushukuru. Anayekurekebisha faraghani amekusitiri: futa, andika upya, mpe ahsante.

Wasomi wa Kusini, elimu mliyonayo ni amana, nayo mlisomeshwa kwa jasho la wakulima hawahawa ambao kalamu huwapiga chenga. Warudishieni kwa upole. Asiyeweza kumsahihisha mtu mpaka amchekeshee umma, heri kalamu yake aiache mfukoni.