"Credit": Pesa Yako au Deni?

Neno moja la Kiingereza, "credit", linatufikia kwenye simu kila siku likiwa na maana tatu. Ukinunua kredo dukani, unapata muda wa maongezi. Ukiona ujumbe kuwa akaunti yako imekuwa "credited", pesa imeingia. Lakini ukiambiwa una "credit" ya shilingi 2,000, huo ni mkopo, na siku ya kulipa inakuja.

Asili yake ni Kilatini, credere, yaani kuamini. Anayekukopesha amekuamini. Hata Kiswahili kina wazo hilo: amana, mali unayomwachia mtu akutunzie, ina mzizi mmoja na amini.

Maoni yetu ni kwamba neno tamu lisifiche deni. Kampuni za fedha, sisi tukiwemo, ziandike "umekopa" mteja anapokopa, na "umepokea" anapopokea. Limiti ikiongezwa, wengi hufurahi kama wamelipwa mshahara. Limiti si pesa yako, ni kiwango cha deni unachoruhusiwa tu.

Walaghai nao wanalipenda neno hili. Wanakutumia ujumbe bandia kuwa umekuwa "credited" kimakosa, halafu wanapiga simu wakiomba urudishe. Usirudishe kitu kabla hujaangalia salio lako mwenyewe.

Kwa hivyo kabla hujabonyeza "Kubali", jiulize: hii ni pesa yangu, ama nimeaminiwa tu? Kuaminiwa ni heshima, lakini hapa heshima hiyo inalipiwa riba.