Dhamiri Haifuati Mkumbo

Tarehe 1 Agosti 1844, katika mji mdogo wa Concord, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kulikuwa na mkutano wa kuadhimisha miaka kumi tangu ilipoanza kutumika sheria ya Uingereza ya kukomesha utumwa katika makoloni yake ya Karibi. Chama cha wanawake waliopinga utumwa ndicho kilichouandaa, na Ralph Waldo Emerson, aliyeacha kazi ya uchungaji mwaka 1832, ndiye aliyealikwa kuhutubia. Makanisa ya mji hayakufungua milango. Saa ya kuwaita watu ilipofika, mhudumu wa kanisa alikataa kupiga kengele. Hapo Henry David Thoreau, kijana wa miaka 27, akaishika kamba na kuipiga mwenyewe. Mkutano ukafanyika mahakamani.

Wapendwa wasomaji, waumini wale hawakuwa watu katili. Katika jimbo lao utumwa ulikuwa umekoma tangu karne iliyotangulia. Lakini mara nyingi dhuluma haihitaji mikono ya wengi. Yatosha wengi wanyamaze ili utulivu usivurugwe. Utulivu wa namna hiyo si amani.

Emerson na Thoreau walikuwa miongoni mwa wanafikra walioitwa Watransendentali. Walifundisha kwamba kila mtu anayo ndani yake nuru ya kuitambua kweli, wala hapaswi kuikabidhi kwa desturi, kwa chama au kwa umati. Sisi tumezoea kulisikia neno kujitegemea likihusu jembe na uchumi. Emerson, katika insha yake ya mwaka 1841, alizungumzia kujitegemea kwa fikra na dhamiri.

Thoreau aliyatia mafundisho hayo katika matendo. Mwezi Julai 1846 alilala gerezani usiku mmoja kwa kukataa kulipa kodi ya kichwa, kwa kuwa hakutaka kuisaidia serikali iliyolinda utumwa na kupigana vita na Mexico. Mtu mwingine alimlipia, naye akatolewa. Insha aliyoiandika juu ya jambo hilo, iliyochapishwa mwaka 1849, ilisomwa baadaye na Gandhi akiwa Afrika Kusini, na pia na Martin Luther King alipokuwa mwanafunzi.

Huenda msomaji akauliza: je, kila mtu akifuata kichwa chake, jumuiya itasimama? Swali hilo ni la haki, kwa maana ukaidi nao hupenda kuvaa joho la dhamiri. Basi na tuvipime viwili hivyo. Mkaidi hutetea nafsi yake, na gharama huwatwika wengine. Thoreau alitetea watumwa wasioweza kumlipa fadhila, akafanya hivyo hadharani, na adhabu akaipokea mwenyewe. Tena kodi ya barabara hakuikataa, kwani alipenda kuwa jirani mwema. Wala hakuwa peke yake: mama yake na dada zake walikuwa katika chama kile cha wanawake. Dhamiri huamka ndani ya mtu mmoja, lakini hupata nguvu katika ushirika.

Kwa hiyo yatupasa sisi viongozi wa walei tujichunguze. Ni mara ngapi kikao kimepitisha jambo kwa kauli moja, kumbe aliyeona kasoro alifumba mdomo asije akaitwa mchochezi? Ni mara ngapi shamba la mjane limegawanywa mbele ya mashahidi walioinamisha vichwa? Bendera hufuata upepo kwa kuwa haina roho. Mwanadamu anayo, naye ataulizwa.

Hatumwiti mtu yeyote kwenye fujo. Tunaomba kila mmoja, kabla ya kuinua mkono pamoja na wengine, ajiulize ni nani atakayeumia kwa uamuzi ule. Akimwona, na aseme, hata kama sauti yake ni moja tu. Na sisi tulioketi pamoja naye tumsikilize mpaka amalize.