Jahazi Lisilo na Ngama

Juzi nilipanda Nakuru kumjulia hali mpwa wangu. Njiani gari letu likasimama pale wasafiri wanaposhuka kulitazama Bonde la Ufa. Kibandani, baina ya ngozi za kondoo na vinyago vya twiga, nikaona majahazi madogo ya mbao yakiuzwa. Mtu wa pwani akiliona tanga mbali na bahari, moyo humwenda mbio.

Nikalichukua moja. Mlingoti sawa, foromali sawa, tanga la amerikani safi. Lakini sitaha! Ubao mmoja umegandishwa toka omo hadi tezi, ukachorwa mistari kwa kalamu. Nikamwuliza kijana, "Mwanangu, ngama iko wapi?" Akanijibu kwa adabu, "Mzee, ngama ni nini?"

Sikumlaumu. Jahazi letu halifunikwi lote. Lina sitaha omo na tezi, na katikati huwa wazi, tumbo la chombo lionekane, ambamo shehena hupakiwa na maji hufuliwa. Wahenga wakasema, "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Ukiifunika ngama kwa ubao, umeifunika na methali. Mtoto wa Nakuru ataikariri shuleni asijue ndani yake mna nini.

Kazi yenyewe haimshindi fundi. Jahazi la meta 12 likifanyiwa mfano wa sentimeta 60, kila kipimo hugawanywa kwa 20. Ubao wa upana wa sentimeta 20 huwa ukanda wa sentimeta 1. Na apasue kanda hizo katika mti wenye nyuzi ndogo, maana nyuzi pana humuumbua. Ukingo wa kila ukanda aupake makaa yaliyosagwa na kuchanganywa na gundi. Zikikutanishwa, ule mstari mweusi huwa mithili ya kalafati, pamba ya mafuta ishindiliwayo baina ya mbao. Maungo yapishane, yasikae mstari mmoja. Mwisho apake mafuta ya nazi kidogo, si vanishi ya kumeremeta. Baharia gani alitembea juu ya kioo?

Atakayesema haya ni mambo ya mchezo, na aukumbuke mtepe. Chombo kile kilichoshonwa kwa kamba za kumbi bila msumari kilitoweka baharini mwanzoni mwa karne ya 20. Leo twakijua kwa picha na kwa mifano. Aliyeunda mfano kwa uaminifu ametuwekea amana, aliyebahatisha ametupoteza.

Wala bara si wageni wa vyombo. Wachamus wa Ziwa Baringo huunganisha miti myepesi wakaunda mitumbwi yao ya kuvulia. Kijana yule angefundishwa, angejua.

Basi kosa ni letu. Mafundi wa pwani, mkipeleka majahazi bara, pelekeni na elimu yake. Mimi nilililipia lile langu, na nyuma ya bahasha nikamchorea kijana ngama. Akaikunja, akaitia mfukoni.